Mdomo wa Pili wa Gari la Germain

Germain alipokufa, gari lake lilikuwa na mdomo mmoja. Wa pili ulikuwa ndani ya nyumba, juu ya meza, umeviringishwa katika kipande cha kitenge, na wanawake waliokuja kulia walisogeza vikombe vyao vya chai ili visiuguse. Hawakuogopa shaba. Waliogopa kazi iliyokatika katikati.

Emérance, mjane wake, aliwaona wakisogeza vikombe, akajua kwamba habari imekwisha kutoka nje kabla yeye mwenyewe hajaisema.

Midomo hiyo ilikuwa vipande viwili vya bomba la shaba njano, vilivyopanuliwa mbele kama tarumbeta, vya kuvika nyuma ya gari pale moshi unapotokea. Havikuongeza nguvu ya injini wala havikupunguza kelele. Vilikuwa urembo, kama hereni. Na Germain, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kununua hata tai ya kuvaa kanisani, alivipenda kuliko kitu chochote alichotengeneza.

Alikuwa fundi wa mabomba katika karakana ya meli, bandarini Kalemie. Kwenye kitambulisho, tangu serikali ilipofuta majina ya Kikristo, aliitwa Sitwayen, yaani Raia, Kabulo. Nyumbani, kanisani na kwenye foleni ya petroli alibaki Germain. Gari lake, Peugeot 404 ya kijivu, aliachiwa na Mgriki mmoja mwenye duka aliyefunga virago mwaka ule wageni waliponyang'anywa maduka. Kusema "aliachiwa" ni heshima tu. Lilikuwa bodi bila injini, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Injini ilikuja kipande kwa kipande, vingine kwa treni kutoka Lubumbashi, vingine kwa boti kutoka Kigoma, na katika miaka hiyo watu wa Kataki, mtaa wao, waliacha kuuliza lini litatembea. Likaja likatembea. Lakini petroli ilikuwa adimu, na Jumapili nyingi baada ya misa mume na mke walikaa tu ndani ya gari uani, madirisha wazi, wakitazama ziwa chini ya mteremko, kisha wakashuka na kuingia nyumbani wamechoka kama watu waliotoka safari.

Wazo la midomo lilitoka bandarini. Siku moja lilishushwa melini gari jeusi la mkubwa fulani aliyetoka Kinshasa. Watu wa bandari na wa reli hulitazama gari kwa nyuma. Wamezoea kubaki wakitazama kinachoondoka. Nyuma ya gari lile kulikuwa na mabomba mawili ya moshi yanayong'aa. Germain alirudi nyumbani, akanawa, akaketi, wala hakumsimulia mkewe habari za yule mkubwa na viatu vyake. Alisema neno moja: "Mawili."

Peugeot yake ilikuwa na bomba moja. Hilo halikumzuia. Mkuu wa karakana alimpa vipande vya shaba vilivyotupwa kutoka meli kuukuu, na kila Jumamosi, watu wakishamaliza salongo, kazi ya umma ya kufagia barabara na kuzibua mitaro, aliketi uani na kuvifanyia kazi. Emérance alimshikia. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana: kubana bomba katikati ya magoti kwa gunia lililoloweshwa wakati mumewe anakata, anapiga nyundo, anapiga tupa. Hakuwahi kuambiwa fanya hivi au vile. Aliambiwa shika, na akashika, na macho yake yakaona.

Mdomo wa kushoto ungevaa bomba la kweli. Wa kulia ungening'inia chini ya bampa bila kuunganishwa na chochote. Papa Jérôme, jirani, mzee wa reli aliyewahi kutia makaa kwenye treni za mvuke, alikuja kutazama, akacheka mpaka akakohoa. "Pua mbili, pumzi moja," alisema. Germain hakuinua kichwa. Alimjibu kwamba padri naye ana mikono miwili, na anabariki kwa mmoja.

Jumamosi moja alifunga ule wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekamilika ila matundu ya bolti. Aliusugua kwa majivu na ndimu, akamwambia mkewe auweke ndani, Jumamosi ijayo atautoboa. Katikati ya juma alirudi kutoka kazini akitetemeka, macho ya njano. Ijumaa walimzika.

*

Ndugu walikuja kwa meli kutoka Moba. Mbele yao alikuwa Mama Godelieve, dada mkubwa wa Germain, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na nyuma yake mwanawe Théophile, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka. Kwa watu wa Germain, mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Emérance alilijua hilo tangu uchumba. Kwao Nyunzu, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa njia ya reli, mambo yalikwenda kwa upande wa baba, na baba huyo alimwonya: "Huko unakokwenda, watoto watakuwa wako, lakini viti vya nyumba havitakuwa vyako." Akaolewa hata hivyo. Mtoto wao mmoja, Monique, sasa alikuwa na nyumba yake Ankoro. Kiwanja cha Kataki Emérance alikinunua mwenyewe kwa biashara ya mawese. Gari lingekwenda Moba pamoja na vyombo vya kazi, na hakuwa na neno juu ya hayo.

Lakini ukoo ule ulikuwa na neno jingine, la kwao wenyewe, ambalo hata majirani zao pale Moba hawakulijua wote. Germain alimsimulia Emérance mwaka alipompeleka kumwonyesha kwa ndugu. Mwanamume akifa ameacha kazi mkononi, kazi hiyo haiwezi kulala. Kilio hakiondolewi mpaka imekwisha. Na mwanamume atakayeimaliza, awe kaka au mpwa, ameingia katika nyumba ya marehemu: amechukua nafasi yake, na mjane ni wake. Hapakuhitajika vikao wala maneno mengi. Mtumbwi uliochongwa nusu ulimaliziwa mbele za watu, na jioni mwenye shoka alipakuliwa chakula na mjane.

Hivyo ndivyo alivyopatikana mume wa pili wa Godelieve. Wa kwanza alizama akiacha wavu ukishonwa. Mdogo wake akaketi, akachukua sindano, akashona mpaka tundu la mwisho.

Basi mdomo wa shaba juu ya meza haukuwa urembo tena. Théophile ndiye mrithi. Théophile ndiye angelichukua gari. Na hakuna ambaye angeshangaa Théophile akishika spana. Tena alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomsumbua Emérance zaidi, maana mtu mbaya hukataliwa kwa urahisi. Alikuwa na mke wake, Denise, huko Moba. Na Emérance mwenyewe alikuwa amembeba mgongoni mwaka ule wa kwanza wa ndoa, mtoto mwenye kamasi na shanga kiunoni. Alijaribu kufikiria kumpakulia chakula kama mume, na mawazo yakagoma, kama punda mbele ya maji.

Wiki ya kuondoa kilio ilipofika, Godelieve aliketi mkekani akataja yanayobaki: nywele za mjane, nguo nyeusi, chakula cha watu, meli ya kurudi. Mwishoni akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kuna kazi mezani.

"Ile?" Théophile akacheka. "Hiyo ni bolti mbili, Mama. Nitaifunga mimi kesho asubuhi. Siwezi kufika Moba na gari lenye mudomo mumoja, watu watasema limepooza."

Wanawake wakatazama meza. Kwa akili ya Théophile, neno la wazee lilihusu nyavu na mitumbwi, vitu vya babu. Gari la Wafaransa na kipande cha bati lilikuwa nje yake. Alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Emérance akamtazama Godelieve, akingoja amrekebishe mwanawe. Godelieve alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua, akatoa jiwe, akalitupa, akachambua tena.

Hapo Emérance akaelewa kwamba Théophile alikuwa hajui, ila mama yake alijua vizuri.

Alimfuata Godelieve jikoni. Hakupandisha sauti, msiba hauna makelele mengine zaidi ya kilio. Alimwuliza kama ndivyo anavyotaka. Godelieve alijibu kwamba anachotaka ni ndugu yake, na huyo hawezi kumpata. Kisha, kwa kuwa walikuwa peke yao na moshi uliwapa sababu ya kufuta macho, alisema mengine. Kwamba Emérance amekuwa wifi yake kwa muda mrefu kuliko Godelieve mwenyewe alivyokuwa mke wa mume yeyote. Kwamba wajane wasio na kamba ya kuwafunga na ukoo hurudi kwao, na Nyunzu ni mbali, na mtu akishapanda treni hiyo anakuwa jina tu.

"Mimi nilishonwa pamoja na wavu," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Na yule bwana alikuwa muntu muzuri, nilimulilia mpaka sauti ikakauka. Sasa wewe unanitazama kama ninakutupa majini."

"Sikutazami hivyo, wifi. Ninauliza kitu kimoja. Kazi lazima imalizwe na mwanaume?"

Godelieve alikuwa mtu wa haki, na alipekua katika kumbukumbu zake kwa haki, kama mtu anayetafuta ufunguo katika sanduku la mwingine.

"Hakuna aliyesema mwanamuke asimalize," akasema mwishowe. "Hakuna, kwa sababu hakuna mwanamuke aliyewahi."

"Basi nitamaliza mimi."

"Ukimaliza wewe, hakuna atakayeingia nyumbani mwako. Utakuwa umeifunga kwa ndani." Godelieve akageuza kuni. "Lakini kazi iishe vizuri, Mama Monique. Si ya kudanganya macho. Ishike mpaka gari linapanda melini. Ikianguka njiani, atakayeiokota na kuifunga ndiye amemaliza, na sitakuwa na mudomo wa kukutetea."

*

Asubuhi yake ua ulijaa. Théophile, ambaye sasa alikuwa ameelezwa, alisimama mbali na gari huku mikono ameifunga nyuma kama mtu aliyeonywa asiguse chungu cha moto. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Alimsogelea Emérance mara moja tu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakujua, na kwamba hata Denise angemfukuza. Emérance akamwambia ainue gari kwa jeki, maana kuinua si kumaliza. Akainua.

Chini ya bampa, upande wa kulia, Germain alikuwa amekwisha kuchomelea kipande cha chuma chenye matundu mawili. Emérance alilala chali juu ya mkeka, akaupachika mdomo mahali pake, akapitisha ncha ya msumari katika matundu na kukwaruza alama kwenye shaba. Akatoka, vumbi mgongoni, akaweka bomba juu ya gogo. Alama ya kwanza aliipiga kwa msumari na nyundo mpaka ikawa kishimo, ncha ya keke ya kutobolea ipate pa kukaa. Aliona jambo hilo likifanywa mara nyingi sana. Mikono yake iligundua kwamba kuona na kufanya ni nchi mbili zisizo na daraja. Keke ilizunguka kwa kuruka-ruka, mkono wa juu ukisukuma sana, wa chini ukisahau kazi yake. Lakini unga wa njano ulianza kutoka, na tundu likapenya.

La pili halikupenya. Bomba lilikuwa mviringo, gogo lilikuwa bapa, na hapakuwa na mtu wa kushika. Ncha ikatoka kwenye kishimo na kupiga mchirizi mrefu juu ya shaba, kutoka katikati mpaka ukingoni. Sauti yake ilisikika ua mzima.

Mtu mmoja akaguna. Kisha Godelieve akasimama, akaifunga nguo yake vizuri, akaja akaketi chini mbele ya gogo, miguu ameinyoosha. Akalichukua bomba na kulibana katikati ya magoti yake.

"Utaharibu shaba ya ndugu yangu," alisema. "Ninashika tu. Sijasema neno."

Emérance akaweka ncha tena. Wanawake wawili waliovaa nyeusi, vichwa karibu kugusana, na keke katikati yao ikilia. Mwishowe tundu likapenya, na unga wa njano ukamwagikia sketi ya Godelieve.

Akarudi chini ya gari na bolti. Papa Jérôme, aliyekuwa amechuchumaa karibu na gurudumu akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba, aliona nati ya pili inamshinda Emérance, akanyoosha mkono kuichukua spana.

"Papa Jérôme," Emérance akasema kutoka chini, polepole, "ukikaza hiyo, leo usiku nitakupakulia ugali."

Mzee akaondoa mkono kama aliyeumwa na siafu. Alisema mkewe, Mama Marthe, atamchinja kabla ugali haujaiva, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, hata Théophile.

Injini ilipowashwa, ua ukajaa mlio. Mdomo wa kulia ulikuwa unagonga chuma juu yake, chuma kwa shaba, kama kengele ya misa iliyopigwa na mlevi. Emérance alisimama pale na aibu ikampanda. Alijua alichosahau. Kila kitu ambacho Germain alikitundika chini ya gari alikiwekea kipande cha mpira katikati, kilichokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na yeye ndiye aliyekuwa akimkatia. Aliifungua tena kazi yote mbele ya macho yote. Akakata mpira. Akafunga upya.

Wakati huo mzee Hippolyte, mjomba wa mbali aliyekuja na watu wa Moba, alikuwa akiangalia moshi. Aliona unatoka kushoto tu. Akainama, akachungulia, akaingiza kidole katika mdomo wa kulia, akakitoa kikavu na safi.

"Hii haifanyi kitu," akatangaza. "Haijaunganishwa na injini. Hii si kazi, njo mapambo. Na kama si kazi, basi hakuna aliyemaliza kazi, na mambo yako palepale."

Ilikuwa hoja ya mtu aliyewahi kukaa mahakamani, na Emérance alikuwa hajaifikiria. Watu wakamtazama Godelieve, ambaye alikuwa akijikung'uta unga wa shaba kwenye sketi. Yeye alikuwa hajui kwamba ule wa kulia haupumui. Alilizunguka gari, akainama kama Hippolyte, akatazama mdomo wa kushoto unaotoa moshi na wa kulia usiotoa, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo. Alikuwa amemwona mdogo wake ndani yake: mtoto aliyewahi kutembea Moba nzima na saa ya mkononi aliyojichorea kwa mkaa.

"Kazi," alisema, "ni ile iliyo mukononi mwa muntu anapokufa. Angekufa akisuka mukia wa tiara ya watoto, tungesuka mukia wa tiara. Twende bandarini."

*

Hakuna aliyepanga namna ya kwenda. Théophile aliendesha peke yake, taratibu, na watu wa msiba walitembea nyuma ya gari, kwa kuwa hapo ndipo penye jambo la kutazama. Mtu aliyewaona kutoka veranda yake angedhani ni mazishi mengine, na wanaume kadhaa njiani walivua kofia. Emérance alitembea mbele ya wote, spana imefungwa kwenye pindo la kitenge. Mdomo wa kushoto ulimpulizia moshi kwenye magoti. Wa kulia ulikuwa umekaa chini kidogo kuliko mwenzake, umeinama, kama mtu anayetega sikio, na mchirizi juu yake uliwaka kila jua lilipoupata. Ulitetemeka. Hakuondoa macho yake. Aliposikia watu wakimsalimu kando ya njia hakujibu, na baadaye ilisemwa kwamba mke wa Germain alipita mjini bila kumwona mtu yeyote.

Barabara ya soko ilikuwa mashimo matupu. Mdomo ukashika. Ukashika mbele ya posta na kwenye kona ya mawe ambako maji ya ziwa yalikuwa yameanza kula njia. Walipofika pale barabara inapokata reli, Théophile alipunguza mwendo mpaka gari likawa karibu kusimama, magurudumu ya mbele yakavuka vizuri, ya nyuma yakaruka reli ya kwanza, yakatua, yakaruka ya pili.

Nati moja ikaanguka. Waliiona wote ikidunda juu ya chuma na kuviringika kwenye kokoto. Bolti yake ikaifuata. Mdomo ukageuka ubavu, ukabaki umening'inia kwa bolti moja, ukicheza.

Théophile alisikia, akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani wala hakushuka. Hakuna aliyesogea. Kwenye karakana ng'ambo ya njia mtu alikuwa akigonga chuma, na kila pigo lilionekana kuutikisa mdomo ule. Haukuwa umeanguka. Lakini haukuwa umeshika pia, na kila mmoja pale alikuwa akijiuliza kimoyomoyo ni lipi kati ya hayo mawili.

Papa Jérôme alipiga hatua moja, akakanyaga kitu, akasimama wima kama askari.

"Sijaiokota," alisema. "Nimeisimamia tu isipotee. Mama Monique, iko chini ya kiatu changu."

Emérance alipiga magoti katikati ya reli. Alimwomba Papa Jérôme ainue mguu, akachukua nati. Bolti akaipata kati ya mataruma, imejaa grisi na mchanga, akaifuta kwa kitenge chake cheusi. Aliingia chini ya gari bila mkeka. Sasa mikono yake haikuuliza kitu. Pigo la reli lilikuwa limemfundisha lile ambalo uani hakulisikia: kwamba mpira unarudi, na nati iliyokazwa mara moja juu ya mpira bado haijakazwa. Alikaza mpaka mpira ukajibana, akangoja, akakaza tena. Akafanya hivyo na ile ya kwanza pia. Alipotoka, kiganja kilikuwa kimechanika na mafuta yamempaka shavu moja, na Godelieve, aliyekuwa amesimama juu yake wakati wote, hakumpa mkono kumwinua. Angeweza kueleweka vibaya. Emérance akasimama mwenyewe.

Bandarini meli ya Moba ilikuwa ikipakia mahindi na magunia ya chumvi. Kabla kamba za winchi hazijafungwa kwenye gari, Godelieve aliliendea kwa nyuma, akapanga miguu yake, akaushika mdomo wa kulia kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu zake zote. Si kwa kuonyesha tu. Alitaka utoke. Wale waliosimama karibu waliona mishipa ya shingo yake, na gari zima likicheza juu ya springi. Akavuta mara ya pili, akapumua, akauacha.

"Imeshika," akasema.

Alifungua uzi mweusi wa ujane kwenye mkono wa Emérance kwa meno, maana fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, akautupa majini. Kisha akayasema maneno, mbele ya Hippolyte na wote, kwa sauti ile yake ya chini: kwamba kazi ya ndugu yake imekwisha, nyumba yake imefungwa, hakuna mtu ndani, na huyu mwanamke hana deni la mkono wala la kitanda kwa ukoo wao. Akaomba spana, kwa kuwa vyombo ni vya ukoo. Emérance akaifungua kwenye pindo na kumpa.

Gari likapaa. Lilizunguka hewani polepole, magurudumu yakining'inia, likawapa mgongo, na midomo yote miwili ikaelekea mjini kwa kitambo kabla winchi haijalishusha kati ya magunia. Théophile alipanda mbio kulifunga kamba. Aliaga kutoka juu, kwa kofia, na kumwita Emérance Mama, kwa sauti kubwa, ili watu wote wasikie anavyomwita.

Godelieve alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama kwenye ubao wa kupandia na mzigo wake kichwani, akageuka.

"Utakwenda Nyunzu?"

"Sijui, wifi. Leo nitakwenda nyumbani."

"Na Moba? Utafika tena Moba?"

Emérance alifikiri. Lilikuwa swali la kwanza tangu mazishi ambalo jibu lake halikungojwa na mtu mwingine yeyote.

"Nitakuja," alisema. "Nitakuja kama mgeni."

Godelieve akalipima jibu hilo, mkono mmoja umeshika mzigo. Ni wazi lilimuuma, na ni wazi pia kwamba alipata ndani yake kitu cha kushika.

"Mugeni," akasema, "anapewa samaki wa kwanza." Akainamisha kichwa chini ya mlango wa meli, akaingia.